Mwisho wa Laini, Upande wa Kushoto

Baba,

Panga lako liko kwangu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza Mama anaendeleaje na kama yule ng'ombe mweusi amezaa. Liko juu ya kabati, nimelipaka mafuta na kulifunga kwa gunia. Mama yuko sawa. Ng'ombe amezaa ndama jike. Basi sasa tuongee.

Usiucheke mwandiko huu. Najua herufi zimelala na nyingine zinapanda kilima, na mimi ni mwalimu. Soma polepole tu, sababu yake utaipata.

Tangu tukuzike, miwa imezidi. Hata wale waliokuwa wamebakiza kipande cha mahindi wameking'oa. Nyuma ya kanisa ni miwa, kando ya shule ni miwa, na kwa jirani yetu ukitaka kwenda choo unapasua miwa kwanza. Matrela yanapita Matete mchana kutwa na watoto wanakimbia nyuma wakivuta mua mmoja mmoja, vile vile tulivyofanya sisi. Nyumba za mabati zinang'aa kila upande, redio zinashindana kwa kelele, halafu watu hao hao wenye mashamba wanapanga foleni dukani kununua unga wa obusuma, ugali wetu. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto ameoa tena baada ya malipo ya miwa. Hilo nitalirudia, maana lilinifikia mpaka darasani.

Nimekukosa, Baba. Nalisema mapema ili lisinisumbue katikati ya barua.

Ukipita kwenye maongezi ya watu bado unaitwa Makokha wa Mwisho. Mgeni angefikiri ulikuwa mtu wa kuchelewa kazini. Sisi tunajua. Wakataji wote wa kundi lenu walikuwa wa mkono wa kulia, wewe peke yako ulikata kwa kushoto. Ukiwekwa katikati ya laini, panga lako lingekutana na goti la mtu, kwa hiyo walikuweka mwisho kabisa, upande wa kushoto, ambako lingeweza kuruka bila kutafuta mtu. Jirani yako alikuwa mmoja tu, Wafula, upande wako wa kulia. Yeye alitupa miwa yake kushoto, wewe ukatupa yako kulia, na miwa ya watu wawili ikaanguka kwenye rundo moja. Wapakiaji walikuwa wakianza na rundo lenu, kwa sababu hawakuhitaji kutembea.

Halafu yale masizi. Miwa ikishachomwa majani, mkono unaoshika mua ndio unaogeuka mweusi. Kwa wenzako ulikuwa wa kushoto, wakabaki na wa kulia msafi wa kusalimia watu. Kwako mambo yaligeuka: mkono wa salamu ndio uliokuwa mchafu, na wewe salamu hukumnyima mtu. Ukipitia sokoni kutoka kazini, nusu ya soko ilionekana viganjani kwamba imekutana na Makokha. Mama alikuwa akisema, "Huyu mzee anapakanga watu kama anawapiga muhuri."

Mkono wa kushoto hukuutumia kusalimia hata siku moja. Hukula nao wala kumpa mtu kitu nao. Ulituonyesha viganja vyote viwili na kusema, "Hii ni ya heshima, hii ni ya kazi." Kwako mjadala uliishia hapo.

Kwangu haukuishia hapo, unakumbuka. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na zoezi alilolipenda: anaandika neno ubaoni, sisi tunataja kinyume chake. Siku moja akaandika "right", tukafundishwa kwamba kinyume chake ni "left", tukainua mikono, wa kulia na wa kushoto. Baadaye neno lile lile likarudi, safari hii likiwa na maana ya sahihi, na kinyume chake kikawa "wrong", yaani kosa. Wenzangu waliandika wakaenda kucheza. Mimi, ambaye mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshakula fimbo kwa kushika kalamu, nilibaki nikijumlisha mwenyewe. Kinyume ni kushoto, kinyume ni kosa, basi mkono wangu ni kosa, na sasa hata Waingereza wametoa ushahidi.

Nilikuja kwako nikilia. Ulikuwa umekaa kwenye gogo unanoa. Mambo ya Kiingereza hukuyagusa, kwa sababu Kiingereza chako kilikuwa "come" na "overtime" basi. Ulisema tu, "Kesho Jumamosi utaniretea uji kwa shamba. Utaona."

Nikaleta uji. Ukanisimamisha kwenye njia ya trela nikawatazama mkikata, laini nzima ikisonga pamoja, wewe kule mwisho, wewe na Wafula mkirusha miwa mahali pamoja bila hata kutazamana. Ulipokuja kunywa uji uliniuliza, "Sasa hapa makosa iko wapi?" Nikaangalia kwa bidii sana, maana nilidhani ni swali la mtihani. Sikuiona.

Fimbo ya shule ilishinda hata hivyo, na mimi nikawa mtu wa kuandika kwa mkono wa kulia. Lakini likizo zilikuwa zako. Mama akiwa mbali uliniachia mstari wa pembeni, ukanipa panga lako, ukanifundisha kuinama. "Chini, chini! Utamu iko chini!" Ulinikasirikia kwa kisiki kirefu kuliko ulivyowahi kunikasirikia kwa jambo lolote la shule.

Siku ya kunyolewa nywele, baada ya mazishi, wazee waligawa vitu vyako. Koti lilienda kwa Baba Mdogo na limembana mabega. Baiskeli ilienda kwa kaka yangu Simiyu. Panga likaanza kuzunguka. Baba Mdogo alilijaribu kwenye mua uliokuwa kando ya ua, likateleza likamkosa mguu kidogo tu. Simiyu akalijaribu, likaenda mshazari na kukwama. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Wote walikuwa wamesahau kwamba ulilinoa upande usionolewa na mtu mwingine, ukingo wake umelalia mkono wako. Simiyu akasema si neno, atachukua tupa alinoe upya upande wa pili liwe panga la kawaida.

Hapo nilisimama, Baba. Kichwa kimenyolewa, miguu mitupu, mbele ya wazee wote. Nikaliomba. Kukawa na guno, maana panga la mwanamume si kitu cha binti aliyeolewa. Sikubishana. Nililichukua kwa mkono wa kushoto, nikainama, nikaukata ule mua pale pale kwenye udongo kwa pigo moja. Mzee aliyekuwa akigawa akasema, "Basi hii ni ya huyu." Nikarudi nalo kwa mume wangu, na mama mkwe, tunayemwita Kukhu, yaani bibi, akanipokea mlangoni kwa neno moja: "Mwarimu na panga?"

Sasa nifike kwa Nekesa, maana yeye ndiye sababu ya barua hii.

Mjukuu wako alianza darasa la kwanza ukiwa bado hai. Unajua alivyo. Tangu ajue kushika makaa alichora kwa kushoto, kuku, trela, wewe na kofia yako, ukuta mzima wa jikoni. Kukhu aliyavumilia akiwa mdogo. Alipoanza shule, akachana kipande cha leso akamfunga vidole vya kushoto, anamfunga asubuhi na kumfungua wakati wa kuoga. Kukhu anampenda yule mtoto, hilo silikatai. Anaogopa atakua watu wakatae kupokea chakula mkononi mwake. "Mkono ya kushoto haipeani kitu kwa nyumba yangu," ndivyo alivyoniambia. Baba Nekesa, akirudi zamu ya kiwandani, anasema hayo ni mambo ya wanawake, anavuta blanketi.

Wewe ulikuwa umeniahidi kuja. Ulisema ukimaliza kukata kule Lurambi utakuja kuketi na Kukhu, mzee kwa mzee, umwonyeshe viganja vyako. Ndipo kifua kikakuzidi. Nilikulilia wewe, na nililia pia ile safari yako, maana sikujua nani mwingine angeifanya. Mimi ni mkaza mwana, boma ni lake, siwezi kumfungua mtoto aliyefungwa na bibi yake. Nekesa aliacha kuchora. Asubuhi akaanza kusema tumbo linauma. Niliogopa, Baba, kwa sababu nilikuwa naujua ule ugonjwa wa tumbo.

Kichekesho ni kwamba shuleni mambo yalikuwa yakininyookea. Wamenipa darasa la tatu, chumba kile kile, na Kiingereza juu. Vile vinyume navifundisha, lakini nilikataa kuyafunga maneno mawili mawili kama wanandoa. Nawaambia watoto: neno kwanza liulizwe liko kazi gani leo, ndipo tumtafute mpinzani wake. "Old" ikiwa kwenye kiatu, kinyume chake ni kipya. Ikiwa kwa mtu, kinyume chake ni kijana, wala hatusemi mtu mpya. Mtoto mmoja akainua mkono akakataa katakata. Akasema kwao kuna kukhu wa zamani na kukhu mpya, mpya aliletwa juzi na babu. Darasa likavunjika mbavu, na mimi nikageukia ubao nifute kitu ambacho hakikuwepo. Ndiye yule mzee wa ng'ambo ya mto.

"Right" niliwafundishia uwanjani. Niliwapanga laini, kila mmoja na kijiti, mtoto wa kushoto nikamweka mwisho, upande wako. Walikata miwa ya hewa mpaka kengele ikalia. Sasa ukiwauliza, wanakuambia "left" ni upande na "wrong" ni kosa, na hao wawili hawajuani hata kidogo. Ninajivunia hilo. Halafu nilirudi nyumbani nikamkuta wangu amefungwa leso.

Kisha miwa ya Kukhu ikafikiwa. Ilikuwa imengoja kibali cha kiwanda muda mrefu, imekomaa kupita kiasi, na upepo ulikuwa umeilaza pembeni, upande wa kushoto, kuelekea ua wa jirani. Ikachomwa, na unajua mwenyewe mua uliochomwa haungoji mtu. Kundi likaja, nyapara wake sasa ni Wafula. Amezeeka ghafla, Wafula wako. Amenyooka mgongo lakini macho yamechoka.

Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nachota maji. Laini ilikwenda vizuri isipokuwa kule mwisho. Kijana aliyewekwa pale alikuwa na nguvu, lakini mkono wake wa kulia ulikutana na miwa iliyolala vibaya kwake, ua ukamzuia, akawa anakata juu juu. Kukhu hupita nyuma ya wakataji kukagua visiki. Niliisikia sauti yake kutoka kisimani. Utamu wake ulikuwa unabaki ardhini, na matrela yalikuwa njiani. Kijana akabadilishwa, wa pili akakata vile vile. Wafula akasimama, mikono kiunoni, akautazama ule mstari, akasema, si kwa mtu yeyote, "Hapa ilikuwa ya Makokha. Alikuwa anakatanga hapa kama ananyoa mtoto."

Niliweka mtungi chini. Niliingia ndani nikavaa suruali kuukuu ya mume wangu na mabuti yake, nikateremsha panga lako kutoka juu ya kabati. Nilipotoka nje hapakuwa na aliyecheka. Labda uso wangu uliwakataza. Nikasimama mwisho wa laini, upande wa kushoto, na Wafula akachukua panga lake akaja kusimama kulia kwangu mwenyewe. Ile miwa iliyowalalia wenzangu vibaya, kwangu ililala vizuri kabisa, imenipa shingo. Niliinama. Chini, chini. Nilikuwa nakusikia.

Sikuwa na pumzi yako, sitakudanganya. Mkono wa chaki si mkono wa panga, malengelenge yalitoka na kupasuka. Lakini miwa yangu ilikwenda kulia, ya Wafula ikaja kushoto, na rundo likapanda katikati yetu. Nekesa alikuwa amesimama njia ya trela, amekumbatia birika la uji, macho yote kwangu. Kukhu alikuja nyuma yangu. Aliweka wayo wake kando ya kisiki, kisha kisiki kingine, kisha kingine, mpaka mwisho wa mstari. Hakuna hata kimoja kilichosimama juu ya wayo wake.

Tulipomaliza, Wafula alininyoshea mkono. Nikampa wa kulia, wa heshima. Alipouachia akakitazama kiganja chake. Kilikuwa cheusi. Baba, yule mzee alikaa chini kwenye rundo, akakifunga kile kiganja, akalia mbele ya vijana wake wote. Hakukinawa. Alikunywa uji kwa mkono mwingine, wa kushoto, na Kukhu akamwongezea.

Nyumbani Kukhu alinikalisha jikoni. Akaugeuza mkono wangu wa kushoto, akayatazama malengelenge, akasonya. Kisha akamwita Nekesa. Akamfungua ile leso vidoleni, akaisuuza kwa maji ya moto, akaifunga kwenye kiganja changu, taratibu, akakaza fundo. Alipomaliza akamtazama mtoto akamwambia, "Ukinisaramia na huo mkono, mimi na wewe!" Nekesa akamnyoshea wa kulia hapo hapo, kumhakikishia. Kukhu akaupokea.

Basi. Leso haikurudi kwa mtoto. Kukhu hajasema amebadilisha mawazo na mimi sijamuuliza. Kila chakula kinapotengwa humkazia Nekesa macho kuona ni mkono upi unaokwenda kwenye sahani, na Nekesa amejua: huu wa heshima, huu wa kazi. Ukuta wa jikoni umejaa tena. Kuna picha mpya ya watu wawili na rundo katikati, na mmoja wao amevaa kofia yako, japo Nekesa anasisitiza kwamba ni mimi.

Sasa ule mwandiko. Nekesa akifanya kazi yake ya shule mezani, mimi huketi kando yake na kalamu, na yeye ndiye mwalimu. Ananiambia, "Mama, usiifinye hivyo." Anaigeuza karatasi yangu kidogo kama anavyogeuza yake. Mikono yetu haigongani. Barua hii yote, Baba, nimeiandika kwa mkono wa kushoto, ya kwanza maishani mwangu. Imenichukua muda na shingo inauma.

Nakuahidi mambo mawili. Panga lako halitanolewa upande mwingine mimi nikiwa hai, na nitalinoa mwenyewe, kwenye gogo, kama ulivyofanya. Na kila mtoto wa kushoto atakayeingia chumba kile cha darasa la tatu nitampa mwisho wa laini, na kalamu mkononi mwake nitaiacha ilipo. Nekesa akikua akalitaka panga, ni lake.

Jumapili nitakuja kwa Mama, nikusomee haya pale kaburini, kisha niikunje niiweke chini ya jiwe. Karatasi imechafuka, utaniwia radhi. Mkono wa kushoto ukiandika hupita juu ya wino kabla haujakauka, kwa hiyo kuna weusi kila mstari. Nilikuwa nimeshachukua karatasi nyingine niinakili upya, iwe safi, ya kimwalimu. Nikakumbuka soko lile, na viganja vya watu. Nikairudisha ile nyingine kwenye kabati.

Pumzika, Makokha wa Mwisho. Kila mahali utakapoona weusi kwenye karatasi hii, ujue nimekusalimia.

Binti yako,
Nanjala